Mlango kwa Mlango na Mama Mkwe

Mzungu wa serikali aliyekuja kunyoosha kijiji chetu, njia ya kwenda Kabambare, alikuja na kamba, vigingi na haraka. Nyumba zenu, alisema, zimetawanyika ovyo. Ovyo! Kila mlango pale ulikuwa umefikiriwa. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Si ugomvi, ni heshima. Ndiyo maana nyumba ya mama yangu ilikuwa imetupa mgongo, migomba ikiwa katikati, na mume wangu alikwenda shambani kwa njia iliyopindishwa makusudi.

Kamba haikujua kupinda. Tulipangwa mistari miwili kando ya barabara ya magari, ingawa gari lenyewe lilikuwa halijapita tangu mvua zianze. Viwanja viligawiwa na kapita, msimamizi wa kazi. Alikuwa mtu wa kwetu na desturi zote alizijua, ila siku ile alikuwa na kofia mpya ya serikali na alimwogopa mzungu kuliko mababu zetu wote. Akatupa sisi kushoto, mama kulia. Mlango kwa mlango.

"Bwana mukubwa anasema milango yote itazame barabara," alinijibu nilipompigia kelele. "Miye nifanye nini?"

Maisha yakawa ya kukohoa. Mume wangu akitaka kutoka, anakohoa kwanza. Mama anaacha ufagio na kugeukia ukuta. Mama akitaka kutoka, naye anakohoa. Mume wangu anarudi ndani mbio. Mganga wa dispansari alipopita akadhani tuna ugonjwa wa kifua, akatuachia dawa chungu. Mume wangu akainywa kwa adabu. Halafu akaanza kutokea dirisha la nyuma. Ni mtu mnene. Siku moja alikwama, na mimi na mimba yangu nikamvuta miguu kwa ndani huku akitukana kamba, vigingi na ukoo mzima wa kapita.

Mama akachoka.

"Siwezi kuzeeka nikitazama ukuta," akaniambia. "Nitaenda kwa ndugu yangu kule Wamaza."

Nililia sana. Ilikuwa mimba yangu ya kwanza, nilikuwa naogopa kuzaa, na Wamaza ni mbali, si mahali pa kumwita mtu uchungu ukishakushika. Nilipomaliza kulia nikapandwa na hasira, nikamkabidhi mume wangu jembe. Mzungu alisema mlango utazame barabara. Hakusema nyumba iwe na mlango mmoja tu. Tukabomoa udongo chini ya dirisha lile mpaka mume wangu akapita bila matusi. Mama akatoboa wake, ingawa safari ya Wamaza hakuifuta, maana milango ya mbele ilikuwa bado inatazamana. Kumbe majirani nao walikuwa na shida zao, huyu na mkwewe, yule na mke mwenzake, wakatoboa vilevile. Haikuchukua muda, nyuma ya nyumba kukawa na vijia vilivyopinda, kivuli, wanawake wakisukana nywele, watu wakisimama kuulizana habari za nyumbani. Kijiji kilihamia nyuma. Barabarani walibaki kuku.

Mzungu akaja kukagua. Akatazama barabara tupu kutoka mwisho hadi mwisho, akafurahi mno.

"Iko muzuri! Hakuna fujo!" akasema.

Kapita akaitikia bila kucheka, na hapo nikamsamehe kidogo.

Uchungu ulinishika mchana, mama akiwa bado anafunga mizigo yake. Mume wangu akaruka nje kwa mlango wa nyuma, akauzunguka mstari mzima hadi nyuma ya nyumba ya mama, akageuza kisogo, akaita mpaka sauti ikakauka. Aliita nyumba tupu. Mama alikuwa amesikia ukelele wangu wa kwanza, akakata barabara na kuingia kwangu kwa mlango wa mbele. Binti yetu alizaliwa mikononi mwake, baba mtu bado anaita huko.

Baadaye kapita, kwa aibu, alimtafutia mama kiwanja kingine mwisho wa mstari, mbali na sisi. Akaja kumpa habari hiyo njema. Mama alikuwa anafungua mizigo, wala hakuinua uso.

"Umupe mutu mwingine," akasema. "Nikienda kule, mutoto akilia nitasikia namna gani?"