Kengele ya Tatu Imeharakishwa

Mpiga kengele wa kijijini kwetu, kisiwani Upolu, ana viganja vigumu kama vifuu na sauti ya kuku aliyeloa. Kila magharibi hugonga mtungi mtupu wa gesi: kengele ya kwanza watu warudi nyumbani, ya pili waanze sala, ya tatu wamalize na kula. Zamani ya tatu ilichelewa hadi supu ikapoa, kwa kuwa aliigonga sala ya nyumbani kwao ikiisha, na mama yake ndiye aliyeiongoza, na aliwaombea hadi nguruwe. Tangu wamzike mbele ya nyumba, ya tatu huikanyaga ya pili visigino. Mzee Pesamino, chifu mlinzi wa saa ya sala, aliifurahia supu ya moto kimoyomoyo, ila cheo kilimtuma amkaripie.

“Wee kijana! Umeomba nini kwa pumzi moja?”

“Nimemuuliza Mungu mama yuko wapi, baba.”

“Enhe?”

“Kimya. Sasa nisubiri nini, na watu wana njaa?”

Pesamino akapiga magoti kaburini kwa mama huyo, amuulize Mungu yeye. Mpiga kengele akamngoja kwa adabu, nyundo mkononi.

“Umejibiwa, baba?”

“Bado.”

Akaugonga mtungi.