Maneno ya Kumshusha Kaka

Mbo Hadara, yaani Bibi Hadara kwa Kisama chetu, hana habari na tarehe. Ukimuuliza fulani alizaliwa lini, atakujibu wapi. "Yule? Si yule wa nguzo ya tatu, upande wa jikoni!" Maana yake ni kwamba chini ya nguzo ya tatu ya nyumba ya wazazi wa huyo mtu, upande wa jikoni, ndipo Mbo Hadara alipomshusha kaka yake. Kwetu Tanjolau, kijiji kilichojengwa kwa nguzo juu ya bahari, kinachotoka tumboni baada ya mtoto hakiitwi kondo. Huitwa kaka, kwa sababu kimekaa na mtoto miezi tisa kikimlisha, na wema wa namna hiyo hautupwi kama maganda ya mihogo. Mtoto hubaki juu, kwenye mbao. Kaka yake hushushwa majini, chini ya nyumba hiyo hiyo.

Ni miaka ishirini na minane sasa anaifanya kazi hiyo, na kati ya nyumba zetu mia na ushee hakuna ambayo hajapiga mbizi chini yake. Sikio la kushoto limeshakufa kwa maji. Ukitaka kumsengenya, kaa kushoto kwake, lakini usicheke, kwa kuwa macho yake hayana tatizo lolote. Siku hizi kuna boti za wageni wanaoletwa kututazama, na kijana anayewaongoza hupenda kuwasimamisha mbele ya baraza yake awaambie kwamba huyu ndiye mkunga wa kijiji. Wao humpiga picha akiparua samaki. Naye huwapungia kisu, akasema maneno ya Kisama ambayo kijana yule huyatafsiri kuwa karibuni sana. Siyo karibuni.

Kushusha kaka kuna utaratibu wake. Kaka huoshwa, akapakwa chumvi na majivu, akafungwa kitambaa cheupe, akalazwa ndani ya kifuu cha nazi pamoja na jiwe la kumzamisha. Kisha Mbo Hadara husimama kwenye ngazi, maji yakiwa kiunoni, akaongea naye. Ni maneno matatu tu. La kwanza humtajia jina la mdogo wake. La pili humwonyesha nyumba, ajue kwao ni hapa na nguzo yake ni hii. La tatu ni ombi: "Usimwite. Ukimkumbuka, panda wewe umtazame. Yeye usimwite." Baada ya hapo hushika pumzi akazama naye, na akishaibuka hakuna kurudia neno. Sisi tunaishi juu ya maji, watoto wetu wanaogelea kabla hawajaota meno yote, na anayeitwa na kaka yake huzama, kwa hiyo hilo la tatu ndilo wazazi husikiliza kwa makini kuliko mengine.

Mwenyewe alizaa watano. Watatu walikufa wachanga, kwa homa, kila mmoja mwaka wake. Wakabaki Saldin na mdogo wake Nurlia. Saldin alikuwa mpiga mbizi, mmoja wa wale vijana wanaoshuka na mpira wa hewa mdomoni, uliounganishwa na mashine botini, kuokota majongoo bahari, na alikuwa hodari kweli, wala simsifu kwa sababu amekufa. Miaka sita iliyopita alishuka asubuhi nzuri, bahari imetulia kabisa. Wenzake walipoona kimya wakauvuta mpira, nao ukaja mwepesi. Walimtafuta siku tisa. Mbo Hadara hakulia mbele za watu, na watu wakasema ana moyo mgumu. Watu nao!

Nurlia akaolewa na Mbagai, ndivyo tunavyowaita watu wa nchi kavu. Jina lake La Huse, fundi seremala aliyekuja kurekebisha paa la shule. Kijijini kwetu utani ni bure, basi wakasema fundi amekuja kuezeka shule, ameezua nyumba ya Mbo Hadara. Nurlia akahamia kwao, mwendo wa saa nzima kwa boti, kwenye kijiji chenye migomba na kuku. Mama yake hakupinga. Mwanamume alikuwa mpole na mwenye kazi, utampinga kwa lipi?

Mimba ilipofika mwezi wa nane, Nurlia alikuja kumsalimu mama yake, miguu imevimba kama mikate. Mbo Hadara akambonyeza kwa kidole juu ya kifundo, akaangalia kile kishimo kilivyokataa kujaa.

"Hutazalia hapa," alisema.

"Mama! Nimekuja hapa nizalie kwako."

"Nimesema hutazalia hapa. Uvimbe huu nimeuona mara mbili, na mara zote mbili nilizika. Nenda hospitali, wakuchome sindano zao, wakupasue wakitaka. Mimi ni mkunga, si mwendawazimu."

Nurlia akaanza kulia. Mama yake akamwacha alie, akaenda jikoni, akarudi na kifuu cha nazi alichokuwa amekisugua kwa mchanga hadi kikang'aa. Alikuwa ameshakitayarisha tangu alipoambiwa mwanawe ana mimba.

"Kitu kimoja tu nakuomba. Niletee kaka yake. Mwambie nesi asimtupe, muweke humu, mtie chumvi, La Huse amlete siku ya tatu isipite. Mimi nitamshusha pale, karibu na wa kwako."

"Ndiyo, mama."

"Ndiyo mama ya kweli au ndiyo mama ya kuninyamazisha?"

"Ndiyo, mama," alisema Nurlia, akakipokea kifuu bila kumtazama usoni.

Wiki tatu baadaye simu ya jirani, Lija, ikalia. Mwanamke huyo akatoka barazani anapiga vigelegele kabla hajasema habari yenyewe. "Mtoto wa kike! Mama mzima! Mbo, unasikia? Nigeuzie sikio la kulia nikupigie kelele!" Mbo Hadara akacheka, akashika nguzo ya mlango, akakaa chini. Kisha akaanza kutwanga majivu.

Siku ya kwanza hakuja mtu. Siku ya pili alifagia ngazi, akakwangua makombe yaliyoota kwenye vipandio. Siku ya tatu alikaa barazani tangu asubuhi na kitambaa cheupe mapajani, na kila boti iliyogeuka kwenye mwamba alinyanyuka. Boti ya chumvi, boti ya maji ya kunywa, boti ya wageni na kamera zao. Lija akamwambia labda injini imeharibika. "Labda," alisema. Jua likazama.

Siku ya nne alivaa kanga yake ya Idi akapanda boti ya maji inayorudi pwani na mapipa matupu.

Nchi kavu humtesa. Miguu yake imezoea mbao zinazonesa, na ardhi, anavyosema mwenyewe, hukaa tu, haijibu. Akafika nyumbani kwa akina La Huse kichwa kinamzunguka, na mama mkwe wa Nurlia, Wa Saima, mwanamke mnene mwenye roho safi, akamkalisha kwenye mkeka akamletea muhogo uliopikwa kwa mvuke na samaki.

"Kula dada, rangi yote imekutoka."

"Nitakula. Niacheni kwanza nimwone."

Wakamletea mtoto. Alikuwa na nywele nyingi na uso umekunjamana kwa hasira, kama mtu aliyeamshwa bila sababu. Mbo Hadara akamfungua, akamhesabu vidole, akamgeuza, akamnusa shingoni. Kwa muda ule mdogo alikuwa na furaha tupu, na tusimnyime.

"Anaitwa nani?"

"Saldina," alisema Nurlia. Alikuwa amekaa ukutani, shuka kiunoni.

Mbo Hadara akamfunga mtoto tena kitambaa chake. Kisha akasema, "Na kaka yake yuko wapi?"

Wa Saima akainuka akasema kuna kitu motoni. La Huse, aliyekuwa mlangoni, akakuna shingo. "Mama, tumemzika. Pale nje, chini ya dirisha. Tumempandia na mche wa ndimu. Tumemzika kwa heshima, mama, sisi pia hatumtupi."

"Nani aliamua?"

"Mama, ilikuwa…"

"Nimeuliza nani aliamua, mkwe. Sikio moja limekufa, lingine linasikia."

"Mimi," alisema Nurlia.

"Ulisema ndiyo."

"Nilisema ndiyo kwa sababu ungeniuliza mpaka jioni."

"Basi umekuwa Mbagai kweli. Umeona ni upuuzi wa wazee."

"Upuuzi?" Sauti ya Nurlia ikapanda, na mtoto akashtuka. "Laiti ningeona ni upuuzi! Ningekuletea kifuu chako siku ile ile, ukakizamisha, nikalala usingizi wangu. Mimi naamini, mama. Naamini kuliko wewe. Kaka wa Saldin alikuwa chini ya nyumba yetu miaka ishirini na minne, na siku alipotaka, akamwita, naye akaenda. Ulimshusha wewe, kwa mikono yako. Basi nikasema, wa mwanangu nitamweka mahali ambapo akiita, mtoto ataanguka kwenye mchanga tu, achubuke goti."

La Huse akatoka nje. Mbo Hadara akabaki na mtoto mapajani, akamfunika miguu.

La kumjibu alikuwa nalo. Lilikuwa na umri wa miaka thelathini. Saldin alipozaliwa, mkunga wetu wa wakati huo, mama yake Mbo Hadara, alikuwa kisiwa cha pili kwa mgonjwa, na pepo za magharibi zikamzuia kurudi. Siku ya tatu Hadara, msichana wa miaka ishirini na damu bado inamtoka, alishuka ngazi mwenyewe na kifuu. Akamtajia jina. Akamwonyesha nguzo. Na hapo hapo Saldin akalia juu ya kichwa chake, kilio cha njaa, maziwa yakamwagika yenyewe kifuani, akazama haraka haraka ili arudi kwake. Alikumbuka wakati ananyonyesha. Neno la tatu hakulisema, na kaka ameshaenda. Hakumwambia mama yake, hakumwambia mumewe hadi anamzika, na katika miaka yote ile aliyowashushia wengine kaka zao, hakuna siku aliyolitamka lile neno la tatu bila kulitamka polepole.

"Nionyeshe," alisema mwishowe.

Wakatoka. Mche wa ndimu ulikuwa na majani manne, umezungushiwa vijiti kuzuia kuku. Mbo Hadara akapiga magoti na mtoto kifuani, akaweka kiganja kwenye udongo. Nurlia akasimama nyuma yake, ameshika ukuta.

"Kaka," alisema, "mdogo wako anaitwa Saldina. Nyumba yenu ni hii, dirisha lako ni hili. Usimwite. Ukimkumbuka, panda wewe umtazame. Yeye usimwite." Kuku wakaendelea kuparua.

Nurlia akamwinamia, akamshika bega. Hasira ilikuwa imemtoka, akawa mtoto wa mtu tena. "Mama. Kwa Saldin pia ulisema hivi? Yote?"

"Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu kama uliyasema yote, basi si kuitwa. Basi ni mpira tu, ni mashine, ni bahati mbaya kama walivyosema wale wengine. Niambie tu uliyasema. Nitakuamini. Akitimiza siku arobaini nitamleta, akae kwako mwezi mzima, umfundishe kuogelea. Niambie tu, mama."

Neno moja lilitosha. Wala hakuna mtu duniani wa kumsuta, kwa kuwa aliyekuwepo siku ile alikuwa kichanga cha siku tatu, naye hayupo. Mbo Hadara alimtazama mjukuu wake, aliyekuwa anatafuta ziwa kwa mdomo kwenye ngozi ya bibi, akanyonya hewa. Alitamani kumchukua mtoto huyu kuliko alivyowahi kutamani kitu. Kila mtu angesema ndiyo. Mimi ningesema.

"Mawili," alisema. "Nilisema mawili. Alilia, nikaharakisha."

Nurlia akaondoa mkono begani kwake. Alisimama pale mpaka kivuli cha ukuta kikawafikia miguuni. Kisha akainama, akaingiza mikono chini ya mtoto, akamtoa kifuani kwa mama yake taratibu, anavyofundishwa kila mzazi mpya, kichwa kwanza.

"Utakuja kumwona huku," alisema. "Siku yoyote. Mlango uko wazi. Lakini, mama, ukiwa kule majini, nakuomba. Jina lake usilitaje, lisisikike huko chini."

"Sitalitaja."

"Hata peke yako."

"Hata peke yangu."

La Huse akamsindikiza hadi kwenye boti, akambebea muhogo alioshindwa kula, umefungwa kwenye jani la mgomba. Mbo Hadara alipofika kwake maji yalikuwa yamejaa hadi kipandio cha juu. Lija alikuwa ameshamtegea barazani pake, na nusu ya wanawake wa mtaa wamejaa nyuma yake, wanataka habari.

"Mbo! Umemwona? Kafanana na nani?"

"Na sisi."

"Haya, utuambie basi, anaitwa nani tumtungie wimbo?"

Mbo Hadara akaangalia maji chini ya mbao. Akavua kanga ya Idi, akaikunja mara mbili, akaiweka begani.

"Bado," alisema. "Bado hawajampa jina."