Mabirika ya Shamis

Turubai la msiba lilikuwa bado halijarudishwa kwa mwenyewe, Habibo akaja kwa mzee Abdille na ufunguo wa choo mkononi.

"Adeer, mzee wetu, huu ulikuwa wa marehemu mkeo," alisema. "Mimi na Saynab tumebaki wawili. Ofisi ya maji inataka kikundi cha watu watatu. Tusipompata wa tatu kufikia siku ya soko, choo anapewa yule mwenye duka."

"Mwenye duka anataka choo cha nini?"

"Aweke nyasi za mifugo. Stoo."

Abdille hakunyoosha mkono. Habibo akauweka ufunguo juu ya mkeka, akamwombea marehemu, akaenda zake.

Choo chenyewe kinajulikana na kila aliyewahi kuuza mbuzi Balambala. Kilijengwa kando ya soko la mifugo, kuta za mawe, bati jipya, tangi juu. Wajenzi walitoka mbali. Walimaliza, wakapiga picha, wakaondoka. Na watu wa soko wakaendelea kujisitiri vichakani nyuma yake, kwa sababu mashimo yalielekea kibla. Mwislamu atachuchumaaje akiielekea kibla? Kila mtu aliliona jambo hilo. Hakuna aliyesema. Mali ya serikali, nani aisemee? Abdille alikuwa dalali wa mifugo pale pale sokoni. Aliona, akapita. Popo wakahamia ndani.

Shamis, mkewe, alikuwa akiuza maziwa soko hilo hilo. Mwanaume ana kichaka. Mwanamke hujibana tangu asubuhi mpaka giza liingie. Siku moja akawachukua wenzake wa sokoni, Habibo na Saynab, wakaenda ofisi ya maji.

"Choo mmekitupa," akasema. "Tupeni sisi."

Wakapatana. Ofisi italeta maji ya bomba na lori la kunyonya shimo likijaa. Kina mama watasafisha, watatengeneza kinachovunjika, watanunua sabuni na dawa, na kile wanacholipa wateja ndicho watakachokula. Kabla ya yote, Shamis alimwita fundi avunje sakafu na kuyageuza mashimo. Halafu akapanga mabirika ya plastiki mlangoni, ya buluu kwa wanaume, ya manjano kwa wanawake, yote yamejaa maji. Wachungaji waliotoka Hulugho na ngamia wao wakawa wanaambiana: kwa Shamis birika halikauki.

Abdille jambo hilo lilimchoma, mkewe kusafisha choo. Yeye ni mtu wa kushikana mikono chini ya shuka na matajiri, wakipatana bei kwa vidole bila wengine kuona. Na madalali wenzake hawakumwachia, hasa Ayanle.

"War, we Abdille! Mbuzi wako amekosa mnunuzi leo? Mwulize mama. Biashara yake haijui ukame!"

Abdille alicheka kwa meno. Jioni ile Shamis aliporudi, akamwambia maneno mawili tu: "Unanuka dawa."

Kesho yake Shamis aliweka birika nje, nyuma ya ua wa mikeka. Ikawa kila jioni anaoga hapo kwanza na kubadili nguo, ndipo anaingia nyumbani. Upepo uvume, mvua inyeshe. Mara nyingi Abdille alimsikia akitetemeka kule nje, akataka kumwambia, ingia tu, mama. Akasema nitamwambia kesho. Kesho zikaja nyingi, mpaka homa ikamchukua.

Na choo kile Abdille hakukiingia hata mara moja. Alikwenda kichakani, na magoti yake mabovu.

Siku ya soko ilipofika, Golicha wa ofisi ya maji, mtu wa Bute, alikuwa amesimama mlangoni pa choo na faili kwapani. Mwenye duka kando yake, tayari anapima ukuta kwa macho. Abdille akaja polepole, ufunguo mfukoni.

"Kikundi kina wawili," Golicha alikuwa akisema. "Wa tatu yuko wapi?"

"Ni mimi," Abdille akasema.

Ayanle alikuwa karibu. Akapiga makofi. "Wallahi! Ametoka udalali wa ngamia, sasa ni dalali wa choo!"

"Ayanle, asubuhi hii umetoka mle ndani. Maji ulijaziwa na nani?"

Watu wakaangua kicheko, na safari hii si Abdille aliyechekwa. Golicha peke yake hakucheka.

"Mzee, kazi hii unaijua?"

"Siijui."

"Sasa?"

"Hawa watanionyesha."

Golicha akawageukia kina mama. "Mnamkubali?"

Habibo akamtazama Saynab. "Ni mgumu huyu," akasema. "Lakini tutamfundisha."

"Haya, mkataba uendelee." Golicha akafunga faili. Mwenye duka akaondoka bila kuaga.

Habibo akampa mzee brashi. Abdille akavua viatu vyake vya soko, akavaa ndara za pale, akaingia. Ndani kulikuwa na ubaridi. Sakafu safi kama sahani. Alisugua vibaya, Saynab akarudia nyuma yake. Alipofika kwenye mabirika, aliona moja mpini wake umevunjika, ukashonwa kwa uzi wa gunia. Mshono huo aliujua. Ndio uliokuwa kwenye vibuyu vya maziwa nyumbani.

"Ningalikuja yeye yupo," akasema, "angalinionyesha mwenyewe."

Habibo akajifanya hakusikia. Akafungua bomba. Mzee akalijaza birika lile, akalirudisha mahali pake.

Jioni alifika nyumbani akinuka dawa tangu vidole mpaka shuka. Birika la Shamis lilikuwa bado nyuma ya ua, limekauka, vumbi ndani. Angeweza kuingia moja kwa moja. Hapakuwa na mtu wa kumwambia kitu.

Akalisuuza, akalijaza. Akasimama nyuma ya mikeka, akavua shati, akaanza kuoga. Upepo ulikuwa unapita katikati ya mikeka, unapiga mgongoni. Ndipo alipojua ulivyo baridi.