Mtaro wa Siku ya Kinamasi

Mama mmoja nisiyemjua aliingia ofisini kwetu bila kubisha hodi, akatua ndoo juu ya meza yangu, juu kabisa ya kadi za mialiko.

"Wageni wenu hao," akasema. "Wamewahi kidogo."

Nikachungulia. Viluwiluwi. Mamia yao, wamebanana kwenye maji meusi yasiyofika nusu ya ndoo.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Siku ya Kinamasi ilikuwa kesho yake.

Kwa msiojua, kinamasi chetu si tope tu. Chini yake kuna mboji, udongo mweusi wa majani na mizizi iliyolala majini maelfu ya miaka bila kuoza kabisa. Inashika maji kama sponji. Ukiikausha inanywea, inapasuka, na viumbe wanaoishi humo wanahama au wanakufa.

Hayo nimeyasomea miaka minne.

Kila mwaka shirika letu hualika watu waje kuona vyura, kerengende na ule mmea mdogo unaokula wadudu. Mwaka huu maandalizi nilipewa mimi, mtaalamu mpya wa mazingira, mkataba wa miezi sita. Jumatatu nilikuwa nisaini ajira ya kudumu. Mama yangu alishatangaza mtaa mzima.

"Umewatoa wapi, mama?"

"Kwenye dimbwi, nyuma ya hema lenu. Lilikuwa dimbwi. Sasa ni sufuria iliyokwanguliwa."

Nikamtazama vizuri. Mabuti ya mpira, tope hadi magotini.

"Mimi ndiye ninayewasomea kijiti cha kupimia maji," akasema. "Mwaka wa kumi na moja huu. Kila Jumatatu nawatumia namba."

Namba zake nilizijua. Uso sikuujua. Kwenye simu nilimwandika *Kijiti*.

"Kumbe wewe ndiye Kijiti."

"Ndilo jina mlilonipa? Haya. Jumatatu nilituma kwamba maji yameshuka viganja viwili. Mtu akanijibu kwa kidole gumba."

Kidole gumba kile kilikuwa changu.

Dereva wetu akatupeleka. Kutoka dimbwini palichimbwa mtaro. Nilipouona, masikio yaliwaka moto.

Mpya. Wa kina cha goti. Umenyooka kama rula, kutoka dimbwini hadi kalavati la barabarani, maji yanatiririka tu kwenda zake. Juu ya eneo lililokaushwa limesimamishwa hema la wageni wa heshima, na bango kubwa la chura anayetabasamu.

Walikausha kinamasi ili wasilowe viatu wakisherehekea kinamasi.

"Hii ni sawa na kumfukuza bibi harusi ili wageni wapate pa kukaa," dereva akasema. Hakucheka.

Tukarudi ofisini mbio. Mkurugenzi alikuwa anajaribu kipaza sauti.

"Mkurugenzi, kule nyuma ya hema kuna mtaro."

"Wa wiki moja tu, kijana. Jumapili tunafukia."

"Viluwiluwi hawana wiki moja."

"Msomi," akasema, na hilo neno alilitema kama mbegu, "Jumatatu una karatasi ya kusaini. Usiitafutie sababu ya kutokuwepo."

Nje, yule mama alikuwa amekaa kwenye ngazi, ndoo mapajani.

"Wamesemaje?"

"Kesho kabla ya saa sita mchana, viluwiluwi hawa watakuwa kwenye dimbwi lao. Na maji yatakuwemo."

"Nyie wasomi mnaahidi haraka."

"Naahidi, mama."

Akaniachia ndoo, akaenda zake.

Usiku ule mvua ilinyesha. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi mimi na dereva tulichukua mbao zilizobaki jukwaani, tukazipigilia zikakata mtaro, tukashindilia mboji katikati. Maji yakasimama. Yakazunguka kidogo kama mtu anayetafuta njia ya nyumbani. Kisha yakaanza kurudi.

Saa nne wageni walijaa. Watoto walivaa sura za vyura za karatasi. Mkurugenzi akashika kipaza sauti, fulana yake ina chura kifuani: "Ndugu zangu, tulinde kila tone."

Matone yakamsikia.

Kwanza miguu ya viti vya mbele ilizama. Mgeni rasmi akainama upande mmoja taratibu, bado anapiga makofi. Halafu safu nzima ikasimama kwa pamoja, viatu vimejaa maji. Watoto walicheka hadi sura zikawavuka. Walidhani ni sehemu ya maonyesho.

Mkurugenzi akanivuta nyuma ya hema.

"Nani amekupa mamlaka?"

Hapo nilifunguka. Nikamwambia ameua dimbwi kwa ajili ya viatu. Nikamwambia fulana ile aivue, hana haki nayo. Nikamwambia mama mmoja asiyelipwa ana akili kuliko ofisi yetu nzima. Machozi yalinilenga kwa hasira.

Alinisikiliza hadi mwisho. Akafungua faili, akatoa karatasi.

"Soma."

*Kuboresha eneo la kukaa wageni. Kazi: kuchimba mtaro wa kuondoa maji, mita arobaini. Imethibitishwa na mtaalamu wa mazingira.*

Chini yake, saini yangu.

Kwetu kuna sheria moja: jembe haligusi kinamasi mpaka mtaalamu asaini. Nikakumbuka. Alasiri ile, rundo la karatasi, na mimi nikichagua rangi ya fulana. Nilisaini zote bila kusoma hata moja.

"Ng'oa mbao sasa hivi," akasema kwa upole, "karatasi hii inarudi kwenye faili, na Jumatatu tunaonana. Usipong'oa, niachie kitambulisho cha kazi."

Saa yangu ilisema saa sita kasoro dakika ishirini.

Nikavua kitambulisho, nikamwekea juu ya faili. Nikachukua ndoo.

Yule mama alikuwa dimbwini, kijiti mkononi. Maji yalifika juu ya vifundo vya miguu.

"Mama, mtaro niliuidhinisha mimi. Na kile kidole gumba kilikuwa changu."

Akachomeka kijiti topeni.

"Kidole gumba nilijua. Jina lako linatokea pale juu kwenye simu. Mtaro sikujua."

"Umenikasirikia?"

"Sana. Mimina taratibu, usiwashtue."

Mpaka leo nina hasira, na kubwa zaidi nimeirudisha kwangu. Wewe unayesoma hapa, kabla hujamfokea aliyeshika jembe, tafuta aliyesaini. Ukikuta ni wewe, usikae kulia pembeni huku maji yanatoka.

Nikainamisha ndoo. Wakatoka kwa makundi, vimkia vinachezacheza, wakatawanyika kwenye maji meusi.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika tano.