Damu ya Mdogo Mtu

Kiwandani walimwita Bibi Gundi, ingawa mjukuu hakuwa naye. Alikuwa mkongwe wa meza ya kubandika soli za viatu, na mkono wake mwepesi: brashi mara moja, soli imeshika. Gundi yenyewe ilinukia tamu na kupanda kichwani. Feni za kutolea hewa ziliharibika zamani.

Kila baada ya miezi kadhaa nesi wa kiwanda aliwapima damu watu wa gundi. Aliyekutwa na damu pungufu alihamishiwa bohari, na bohari ndiyo ilikuwa njia ya kuachishwa kazi. Kwa hiyo fizi zilipoanza kumtoka damu, na mabaka meusi kumjaa mapajani bila kujigonga popote, Bibi Gundi alimwendea mdogo wake, msusi, waliyefanana macho na kimo.

"Vaa kofia yangu na barakoa. Nesi haangalii sura, anaangalia mshipa."

"Si uende hospitali tu, dada?"

"Halafu wanangu wale nini? Hizo nywele unazosuka?"

Mdogo mtu akaenda, akatoa mkono. Akaenda tena, na tena. Majibu yalitoka safi, nesi akatania kwamba Bibi Gundi atawazika wote.

Asubuhi moja Bibi Gundi alianguka mezani, brashi mkononi. Hospitalini daktari alisema uboho, unaotengeneza damu ndani ya mifupa, umechoka kabisa. Kilichomshangaza ni majibu ya kiwandani.

"Ile ilikuwa damu yangu," msusi akasema, amesimama miguuni mwa kitanda.

Daktari alivua miwani.

Bibi Gundi hakumaliza mwezi.

Msibani walikuja wenzake wa meza. "Tulipolalamikia feni," mmoja alimwambia msusi, "meneja alituuliza, mbona mkongwe wenu damu yake safi? Tukanyamaza." Alijifuta mdomo kwa leso, na leso ikabaki na doa jekundu.

Kesho yake msusi alikwenda kiwandani, akamweleza nesi kila kitu. Nesi alikaa kitini taratibu, kisha akaagiza meza nzima ipimwe upya. Wanne walikutwa damu imeshuka vibaya. Mmoja wao alikuwa yule wa leso. Ndipo feni mpya zikafungwa.

Watoto wa marehemu sasa anao msusi. Yule mkubwa anamwita mama mdogo kama zamani, ila akiulizwa naye jambo hujibu huku ameangalia ukuta.