Mkaa Ndani ya Pembe ya Baruti

Harufu ya kiberiti siipendi. Wajukuu wangu wakiwasha moto wa kubangua korosho, mimi hutoka nje, nao husema bibi kaanza. Hawajawahi kuniuliza kwa nini. Nawaambia ninyi.

Baba yangu, hapo Chilangala, alikuwa mwindaji wa kanga. Jioni moja alitandika mkeka akapanga vitu vyake: gobore, mkoba wa risasi ndogo za marisau, fataki, kumbi za nazi za kushindilia, na pembe ya ng'ombe iliyojaa baruti aliyoitwanga mwenyewe. Mjomba, kaka wa marehemu mama yangu, akaja na bunduki yake ya mitutu miwili amwazime.

"Chukua hii, shemeji. Lako hilo limezeeka kama mwenyewe."

"Yako inachagua chakula," Baba akajibu, "mpaka risasi za dukani Masasi. Langu linakula ninachopika."

Akachagua gobore. Mimi nikatumwa kuipeleka pembe ndani. Nikazunguka nayo jikoni, nikatupa baruti kidogo motoni nione inavyoruka. Ikaruka! Nikatupa tena, na tena. Pembe ilipokuwa nyepesi nikasaga mkaa, nikaijaza.

Alfajiri Baba na mjomba wakaenda porini. Walirudi jua kali, mikono mitupu. Kanga walijaa kwenye mihogo, lakini gobore lilikohoa tu, mara tatu. Sasa, kwetu mwindaji akiwa porini, mkewe hutulia nyumbani. Akienda kwa mwanamume mwingine, bunduki hukataa. Ndivyo tulivyoamini.

"Baruti yangu naijua," Baba alisema.

"Basi kamuulize uliyemwacha nyumbani," mjomba akamjibu.

Aliyeachwa nyumbani alikuwa mama mdogo, mke mpya wa Baba, aliyenilea tangu mama afariki. Aliapa, akalia. Mimi nimesimama mlangoni, kimya. Niliogopa fimbo. Sina sababu nyingine ya kuwapa.

Siku ya tatu alijitwika kapu lake akarudi kwao Mnyambe. Baba akatwanga baruti mpya, akarudi na kanga wanne. Watu wakasema, mmeona? Nami nyama ile niliila, na mchuzi nikaufuta kwa ugali.

Nilipoolewa, nikawa nateremka bondeni mwenyewe kufuata maji na kupanda mlima na ndoo kichwani, ndipo nilipokumbuka jambo. Zamani hizo mtoto alinawa kwa kata moja ya maji, basi. Jioni ile ya baruti mama mdogo alivitazama vidole vyangu vyeusi, akaniosha kwa kata tatu, mpaka kwenye kucha. Na siku aliposhtakiwa alivitazama tena vidole vile pale mlangoni, kisha akaangalia chini. Alijua. Fimbo yangu aliichukua yeye.

Kutoka Chilangala mpaka Mnyambe ni mwendo wa miguu tu. Aliishi huko miaka mingi. Sikwenda.