Hita Moja Niliyoiandika Mbili

Nilianza kazi ya ufundi wa boila, mtambo wa gesi unaopasha nyumba joto, asubuhi moja ya Januari, mtaa wa Woolwich, Uingereza. Msimamizi wangu wa kwanza, Mwingereza mwenye kikohozi kisichokwisha, aliniuliza kama nimewahi kushika boila.

"Nimeshika jenereta tu, kwetu Pemba."

"Basi utajifunza. Lakini kwa gesi, usiwe na haraka."

Alinifundisha kutazama moto kabla ya kufungua kifaa chochote. Ukiwa wa buluu, umesalimika. Ukiwa wa manjano, gesi haiungui vizuri, na huenda nyumba inajaa hewa ya sumu isiyo na harufu. Hapo fundi hufunga gesi, hubandika karatasi nyekundu ya hatari, na huacha hita mbili za umeme: moja ya chumbani, moja ya sebuleni.

Baada ya Woolwich nilipelekwa Queensbury, kwa Wahindi waliotoka Nairobi na Kampala, walionipa chai ya tangawizi na kunisemesha Kiswahili. Kisha Peckham, chini ya Meneja wa Ratiba. Yeye hakujua boila. Alijua saa.

Huko ndiko nilikokutana na Bi Zuhura, mjane aliyetoka Wete, kwetu Pemba, anayeishi peke yake ghorofa ya nne. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akafurahi kusikia lafudhi ya kwao.

"Naivumilia tu baridi hii, mwanangu," alisema. "Ikifika Aprili, miti ikichipua, nakwenda kumwoza mjukuu wangu. Tiketi ninayo."

Moto wa boila lake ulikuwa wa manjano. Nikafunga gesi. Kipuri kingechukua wiki nzima kufika, na garini nilibakiwa na hita moja. Nikampigia Meneja.

"Mwachie hiyo moja, nyingine itapelekwa kesho. Una nyumba tano zinakungoja."

"Na fomu je?"

"Andika mbili, tusisumbuliwe."

Nikaandika mbili. Nikamwambia Bi Zuhura kwamba ya pili inakuja kesho. Akanishukuru.

Haikuja. Nani angeipeleka, ilhali karatasi yasema ipo? Nami nilipita mtaa ule mara mbili wiki ile, nikajiambia bila shaka wameshapeleka.

Niliporudi na kipuri, jirani yake ndiye aliyenifungulia mlango wa jengo. Bi Zuhura alikuwa amechukuliwa na ambulensi, mapafu yamejaa maji. Alipona, lakini hakurudi ghorofa ya nne. Walimhamishia nyumba ya kutunzia wazee. Mjukuu aliolewa bila yeye.

Nilimtembelea mwezi wa Aprili. Nikamweleza yote, na kwamba mkono ulioandika ulikuwa wangu. Alitazama dirishani.

"Kila mlango ulipogongwa," alisema, "nilidhani ni wewe."

Alifariki kabla ya baridi iliyofuata.

Nyinyi vijana mnaoshika spana leo mnaandika kwenye simu, si karatasi. Ni yale yale. Andikeni mlichokiacha, hata bosi akikunja uso. Mimi ningeweza kukataa. Ningeweza kurudi. Sikukatazwa na mtu.

Siku ya kustaafu kwangu waliniandalia keki. Meneja huyo huyo alisimama akasoma faili langu: miaka yote ile, hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kunilalamikia. Watu wakapiga makofi. Nikainamisha kichwa, nao wakadhani ni unyenyekevu.